Vijana wa kutazamwa Mkolani kabla dirisha la usajili halijafunguliwa

Ukitoka katikati ya Jiji la Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, daladala ya Buhongwa inakupitisha Igogo, Mkuyuni, Butimba na Nyegezi. Abiria wengi hushukia Nyegezi, kwenye stendi ya mabasi. Wanaobaki ni wa Mkolani na Buhongwa: wanafunzi wenye begi mgongoni, fundi na mfuko wake wa vifaa, mama aliyepakata ndoo ya dagaa iliyofunikwa kwa khanga. Dakika chache baadaye konda anagonga bati na kuuliza nani anashuka Mkolani.

Hapa, kama ilivyo sehemu kubwa ya Mwanza, mawe yalitangulia na watu wakafuata. Nyumba zimepanda mlima kwa kuyakwepa. Kuna familia iliyofanya jiwe kuwa ukuta wa uani, na nyingine inaanika michembe juu yake. Kwa hali hiyo ardhi tambarare ina thamani kubwa, na kipande kipana ambacho hakijajengwa mara nyingi ni kiwanja cha shule au kiwanja cha mpira. Kuanzia saa 10 jioni viwanja hivyo huwa vimejaa.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na mara ya kwanza nilikwenda huko kuuliza kuhusu ugonjwa wa kichocho. Nikabaki kutazama mpira, na nimerudi jioni kadhaa tangu wakati huo. Katikati ya kiwanja nyasi zimekwisha, kumebaki udongo na kokoto ndogo. Pembeni wanakaa waendesha bodaboda juu ya pikipiki zao, wauza miwa na karanga, wanafunzi wa vyuo waliotembea kutoka Nyegezi na Malimbe, na wazee wanaokumbuka enzi za Pamba, ile TP Lindanda, kana kwamba zilikuwa juzi. Mara nyingine anakuwapo mwanamume mmoja mwenye simu mbili ambaye hashangilii bao lolote. Watu wanamwita skauti, ingawa hakuna aliyewahi kuona kitambulisho chake.

Watatu wa kutazama

Msomaji ukipita Mkolani jioni moja, nakushauri utazame watatu.

Wa kwanza ni kiungo wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Hakimbii sana. Kabla mpira haujamfikia huwa ameshageuza shingo mara mbili kuangalia nani yuko nyuma yake, na ukimfikia anaujua pa kuupeleka. Kwenye kiwanja chenye kokoto, ambako mpira unadunda unavyotaka wenyewe, huo ni utulivu wa pekee.

Wa pili ni msichana, beki wa kushoto, umri wake haupishani sana na wa huyo kiungo. Anacheza na wavulana kwa sababu timu ya wasichana haijatimiza wachezaji 11. Mwanzoni walikuwa wakimpitia upande wake kwa makusudi. Siku hizi mawinga wanahamia upande wa pili.

Wa tatu ni golikipa, mwanafunzi wa chuo. Ni mrefu na ana mikono mizuri, ila kinachomtofautisha ni sauti. Anawapanga mabeki wake tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na wale mabeki, ambao wengine wanamzidi umri, wanamsikiliza.

Sitawataja majina. Wawili kati yao kisheria bado ni watoto, na mtoto akishaandikwa gazetini kuwa ni nyota, simu zinazopigwa nyumbani kwao hazitoki kwa wenye nia njema peke yao.

Njia ya kutoka Mkolani

Kijana wa hapa ana njia kadhaa za kuonekana. Ya kwanza ni shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mwaka 2017 na 2018 fainali za taifa za mashindano hayo zilifanyika Mwanza, vijana wakikusanyika Chuo cha Ualimu Butimba, umbali mfupi kutoka Mkolani. Watoto waliokuwa wakiokota mipira pembeni miaka ile leo ndio wenye umri wa kusajiliwa.

Njia ya pili ni vituo vya kulea vipaji, na kinachofahamika zaidi mkoani ni Alliance. Aisha Masaka alipita Alliance Girls, akaenda Yanga Princess, kisha mwaka 2022 akajiunga na BK Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa na Brighton & Hove Albion ya Uingereza. Kwa beki wetu wa kushoto, jina hilo ni ushahidi kwamba barabara ipo.

Njia ya tatu ni klabu za jiji, na hapa mzazi aelewe jinsi mambo yanavyobadilika. Mbao FC ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2016/17 na mwaka 2017 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Simba 2-1 mjini Dodoma. Alliance FC nayo ilipanda mwaka 2018. Mwaka 2020 zote mbili zilishuka pamoja. Pamba Jiji ilirudi Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20. Kijana anaweza kuingia klabu ikiwa juu na kujikuta ligi ya chini kabla mkataba wake haujaisha.

Kwa kulinganisha, tuangalie Marekani, ambako mchezo wa besiboli una utaratibu wake wa kuwapata vijana. Tangu mwaka 1965 klabu za ligi kuu huchagua wachezaji kwa zamu, kila moja ikisubiri nafasi yake. Siku hizi klabu ni 30, raundi ni 20 na shughuli hufanyika Julai. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuchaguliwa akimaliza shule. Aliyeingia chuo cha miaka minne kwa kawaida husubiri amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Kabla ya siku hiyo huandaliwa kambi ambako vijana hupimwa mbio, nguvu na afya.

Mkolani mambo huanza kwa simu. Mtu anampigia kocha, kocha anampigia mjomba, mjomba anamwambia mama wa kijana kwamba keshokutwa kuna majaribio na inatakiwa nauli. Mama anauza kuku wawili. Hakuna aliyeuliza kijana amekula nini, amepimwa lini, wala karatasi zake ziko wapi. Skauti anatazama miguu, ndiyo kazi yake. Yaliyobaki ni ya familia, na mengi yanawezekana kufanyika kabla simu haijalia.

Moyo

Desemba 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, timu ya vijana wa chini ya miaka 20 ya Mbao FC ilikuwa ikicheza na ya Mwadui. Ismail Mrisho Khalfan, mshambuliaji wa Mbao, alikuwa ametoka kufunga bao. Muda mfupi baadaye alianguka uwanjani, na akafariki dunia. Alikuwa na miaka 19.

Mwanza ilimlilia, na dunia nzima ya soka ikasikia. Miaka 13 kabla yake, Juni 2003, Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka mjini Lyon kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia. Uchunguzi ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa kupita kawaida. Kijana anapoanguka uwanjani sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini moyo ni miongoni mwa zile zinazoweza kutafutwa mapema.

Utafutaji wenyewe unaanza kwa maswali ambayo hayana gharama. Je, mtoto amewahi kuzimia akiwa anakimbia? Anapata maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio bila mpangilio anapofanya mazoezi? Anaishiwa pumzi mapema kuliko wenzake? Katika ukoo kuna aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Jibu la ndiyo kwa swali lolote linatosha kumpeleka hospitali kabla hajarudi kiwanjani. Daktari atasikiliza moyo, atapima shinikizo la damu, na akiona haja ataagiza kipimo cha umeme wa moyo au cha mawimbi ya sauti. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, rufaa ya mambo hayo huishia Bugando.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hulichukulia kwa wepesi, nalo ni maumivu ya koo. Koo linaloumwa kwa sababu ya bakteria fulani na lisipotibiwa ipasavyo linaweza kuleta homa ya rumatiki, ambayo huharibu milango ya moyo kidogo kidogo. Mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe kituo cha afya, na akipewa dawa azimalize zote.

Kanda ya Ziwa pia ni miongoni mwa maeneo yenye selimundu nyingi nchini. Mtoto mwenye ugonjwa huo anaweza kupenda mpira kama wengine, ila kiwango cha mazoezi kinapangwa na daktari. Mwenye kubeba kinasaba kimoja tu kwa kawaida hucheza bila shida, lakini makocha wajue hali yake, anywe maji ya kutosha na asilazimishwe mbio za kukomoana kwenye jua kali.

Na mchezaji akianguka bila kuguswa, asipoitika na asipopumua kawaida, msimmwagie maji wala kumzunguka na kumziba hewa. Mmoja apige simu ya msaada, mwingine aweke viganja viwili katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikishuka kama sentimita 5, bila kuacha mpaka msaada ufike. Kila kiwanja kinahitaji angalau watu wawili wanaoweza kufanya hivyo.

Ziwa

Mazoezi yakiisha, vumbi likiwa limeshika miguu hadi magotini, baadhi ya vijana huteremka kuoga ziwani. Ndiyo furaha ya kukulia Mwanza. Ndiyo pia njia ya kichocho.

Vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wadogo wa majini na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Kando ya Ziwa Victoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo: tumbo kuuma, choo chenye damu, uchovu, upungufu wa damu. Kwa mtoto anayekua, kinaweza kudumaza mwili. Kikikaa miaka mingi huharibu ini na kuvimbisha bandama. Kocha anaona mchezaji amechoka dakika ya 60 na kumwambia hana pumzi. Huenda anazo, ila ana minyoo inayomnyonya.

Dawa ipo. Praziquantel hutolewa kwa kipimo cha uzito au urefu wa mtoto, na kampeni za shuleni huigawa bure. Lakini dawa haizuii kuambukizwa tena, hivyo anayeendelea kuoga ziwani atahitaji kupimwa mara kwa mara. Aliyemaliza shule ya msingi na asiyesoma tena yuko hatarini kusahaulika kabisa, maana kampeni nyingi zinawalenga watoto wa shule.

Chakula nacho kina sehemu yake. Wachezaji niliozungumza nao kandokando ya kiwanja, wengi walikuwa wamekula mara moja tu tangu asubuhi, na mlo wenyewe ni chai na mihogo. Bahati ya Mkolani ni kwamba suluhisho linauzwa barabarani. Dagaa wana protini na madini, na bei yao bado iko ndani ya uwezo wa familia nyingi. Maharage, karanga, mayai na mboga za majani vinajenga mwili kuliko kopo lolote la unga wa kuongeza misuli. Kwa msichana aliyeanza hedhi, mahitaji ya madini ya chuma ni makubwa zaidi. Ale dagaa na mboga za majani pamoja na chungwa au limao, na chai aiweke mbali na mlo, kwa sababu inazuia mwili kufyonza madini hayo.

Umri

Mwaka 2017 Serengeti Boys walicheza fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 nchini Gabon. Wengi tunakumbuka shangwe, wachache wanakumbuka namna walivyofika. Walikuwa wametolewa na Congo-Brazzaville, lakini Congo wakaondolewa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wao mmoja kwenye kipimo cha umri.

Kipimo hicho ni picha ya sumaku ya kifundo cha mkono. Daktari anaangalia sehemu ya mfupa inayokua: ikiwa imeshafunga kabisa, mwenye mkono huo kuna uwezekano mkubwa amevuka miaka 17. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana nchini Nigeria mwaka 2009. Mjomba anaweza kubadilisha cheti, mfupa haubadilishwi.

Majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa nao walipata funzo lao, tena kwenye besiboli. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilifuzu kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya Little League, ikanyimwa viza kwa sababu ya kutofautiana kwa taarifa za umri na tarehe za kuzaliwa. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilikwenda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale Williamsport. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ikawasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Hapa kwetu mzazi anatakiwa kusajili kizazi ndani ya siku 90. Aliyechelewa bado anaweza kufuatilia cheti RITA, ila afanye hivyo sasa. Wanaomwambia kijana wa miaka 19 ajiandike 16 wanamnunulia miaka mitatu ya kuishi na hofu ya kipimo.

Karatasi

Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mtu chini ya miaka 18 hana uwezo wa kujifunga kwa mkataba peke yake. Mzazi lazima awepo, asome, na aulize. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji chini ya miaka 18 hawezi kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Kumhamisha kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya miaka 18 kumezuiwa, isipokuwa kwa masharti machache. Wakala naye anatakiwa awe na leseni, na hawezi kumfuata mtoto bila idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Mwenye simu mbili akikwambia mambo hayo ni ya Ulaya, mwombe akuonyeshe leseni yake.

Klabu ndogo zisisahau haki yao. Mchezaji akihama kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Ili timu ya mtaani ipate chochote, lazima kijana awe amesajiliwa rasmi na kumbukumbu ziwepo. Kocha anayefundisha bila daftari anagawa jasho lake bure.

Kuhusu shule, sina maneno mengi. Golikipa wetu wa chuo anasoma asubuhi na kudaka jioni. Akivunjika kidole kesho, keshokutwa ana mtihani wa kufanya na maisha ya kuendelea nayo. Yule kiungo wa kidato cha tatu ana mwaka mmoja tu hadi mtihani wa kidato cha nne, na hakuna timu ya maana itakayomkosa kwa sababu amesubiri mwaka mmoja.

Dirisha kubwa la usajili hufunguliwa katikati ya mwaka, na dogo kuelekea mwisho wake. Kabla ya hapo, mzazi nunua bahasha moja ya kaki. Weka cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, majibu ya vipimo vya moyo, damu na kichocho, ripoti ya shule, na nakala ya kila karatasi ambayo mtoto ameisaini. Bahasha hiyo ikae nyumbani, na akienda majaribio aende na nakala zake.

Skauti akifika Mkolani atawaona hao watatu, nina hakika, maana kipaji hakijifichi kwenye kiwanja chenye kokoto. Zahanati na vituo vya afya vinafunguliwa asubuhi, kiwanja kinajaa saa 10 jioni. Kabla ya mechi, kijana ana muda wa kupita kwanza huko.